Bima ya Kuonyesha Polisi

Kila mtu mjini Likasi alijua kwamba kuendesha gari bila bima ni kosa. Nalisema hilo mapema kwa sababu wajukuu wangu wanapenda kunihurumia, eti sisi watu wa wakati wa Mukubwa mwenye kofia ya chui hatukujua sheria. Tuliijua vizuri sana! Hata mlevi wa Panda aliyelala mtaroni angekuambia: gari lazima liwe na asiransi, na asiransi inanunuliwa kwenye ofisi ya Serikali, si kwingine. Ambacho hatukukijua, na hapo ndipo ujinga wetu ulipojaa hadi kumwagika, ni kwamba sheria hiyo iliwekwa kwa faida ya mtu. Tulidhani iliwekwa kwa faida ya polisi.

Wala hatukudhani kwa utani. Baba yangu, mtu mzima, fundi wa tanuru katika kiwanda cha Kampuni, mtu ambaye hakuwahi kuchelewa kazini hata siku moja, aliamini hivyo sawasawa na alivyoamini Utatu Mtakatifu. Asiransi ilikuwa karatasi ya kumwonyesha polisi ili polisi akuache upite. Basi. Ukimuuliza karatasi ile imeandikwa nini ndani, alikutazama kwa huruma, halafu akakuambia ukamletee maji ya kuosha gari.

Gari lenyewe aliuziwa na shefu wake wa kiwandani, Mzungu aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Lilikuwa jeupe, au tuseme liliwahi kuwa jeupe. Mlango wa nyuma ulifunguka kutoka nje tu, kwa hiyo mimi nilikuwa abiria au mfungwa, kutegemea na hasira za baba. Katika kambi yetu ya Panda waliokuwa na gari walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na baba alikuwa kidole kimojawapo, jambo ambalo hakuturuhusu kulisahau. Jumapili alivaa abakosi yake ya kijivu, ile suti ya wakati ule isiyo na tai, akaosha gari, akalipeleka misani mwendo wa mita mia tatu, akarudi, akaliosha tena. Mama, ambaye ulimi wake haukuwa na likizo, alisema:

"Hii motokari inakunywa maji mingi kupita essence," yaani petroli.

Lakini fahari ya baba hasa haikuwa gari. Ilikuwa mikanda. Kwetu karatasi zote za serikali tunaziita mikanda, na mikanda ya gari la baba ilikaa ndani ya mfuko wa plastiki uliokuja na shati jipya, na mfuko huo ukakaa chini ya kiti cha dereva. Kila bima ilipokaribia kuisha alikwenda kuilipia wiki moja kabla. Wenzake walikuwa na ujanja wao: mmoja alibandika kwenye kioo karatasi ya sabuni yenye rangi ile ile, mwingine aliazima mikanda ya shemeji yake. Baba aliwadharau wote. Yeye alikuwa na ya kweli, akailipia kweli, akaibandika kwa gundi ya kweli, na hakujua ni ya nini.

Sasa nisikilizeni jinsi mtu mwenye karatasi zote alivyomvunja mtu mguu.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne hivi za asubuhi. Tulikuwa tunatoka upande wa Kamatanda, baba, mama na mimi, na mifuko miwili ya makala, yaani mkaa, nyuma ya gari. Mbele kulikuwa na bariere, yaani gogo limewekwa juu ya mapipa mawili, na polisi mmoja amesimama kivulini. Baba alimwona kutoka mbali. Hakuwa na kosa lolote, narudia, hakuwa na kosa hata moja. Lakini alipoona ile yuniformu tu, aliinama kutafuta mfuko chini ya kiti, mkono mmoja kwenye usukani, kichwa chini ya dashibodi.

"Papa, angalia njia!" mama alisema.

"Natafuta asiransi," baba akajibu kutoka huko chini.

Na akampiga yule mama. Alikuwa anavuka barabara, basani, yaani beseni, la samaki wa ziwa Tshangalele kichwani. Hatukuwa katika mwendo mkali, gari lile halikuujua mwendo mkali, lakini chuma ni chuma. Nilisikia basani kwanza, kisha yeye. Samaki wakavu walitapakaa barabarani, na yule mama akawa katikati yao, ameketi, anautazama mguu wake uliokuwa umegeukia mahali ambapo mguu haugeukii.

Polisi akaja anakimbia. Mimi, mjinga, nilidhani anakuja kumwinua.

"Mikanda!" alisema.

Baba akashuka, akampa mfuko. Na yule bwana, haki ya Mungu, akaanza kusoma. Akasoma ya kwanza, akaigeuza. Akasoma ya pili. Akalinganisha namba ya asiransi na namba iliyobandikwa kwenye kioo, tarakimu moja moja, kwa kidole, huku mama wa watu analia "Mayo, mayo, mguu yangu" hatua tatu kutoka kwenye viatu vyake. Alipomaliza akarudisha kila karatasi ndani ya plastiki, akapiga saluti.

"Papa, mikanda yako yote iko en règle, haina kosa. Unaweza kwenda."

"Na huyu mama?" mama yangu akauliza.

"Hiyo ni maneno yenu bakubwa, musikilizane." Halafu akaokota samaki watatu, wale wakubwa, akasema ni kwa ajili ya uchunguzi.

Baba hakuwa mtu mbaya. Nimeishi miaka mingi nikitafuta namna ya kumfanya mtu mbaya katika hadithi hii, sijafaulu. Alimbeba yule mama mwenyewe, akamlaza kiti cha nyuma, kichwa chake juu ya mapaja yangu, akaendesha huku anamwomba msamaha kila kona. Njiani tukajua ni mjane, ana umri karibu na wa marehemu bibi yetu, anakaa nje ya kambi, na kila wiki anapanda lori hadi ziwani kununua samaki wa kuja kuuza. Hana mume wa Kampuni, hana mtoto wa Kampuni. Kwa maneno mengine, hana hospitali.

Watu wa leo hawataelewa bila kuelezwa. Mjini kulikuwa na hospitali za namna mbili. Moja ilikuwa ya kila mtu, na hiyo uliingia na pamba yako, sindano yako, shuka yako, na kama una bahati daktari wako. Nyingine ilikuwa ya Kampuni, pale pale Panda, vitanda vyeupe, dawa zote, mashini ya kupiga picha mifupa. Hiyo ilikuwa ya wafanyakazi na watu walioandikwa kwenye kadi zao za familia. Getini uliulizwa kadi. Hukuwa na kadi, ulikufa upande wa nje.

Na baba alikuwa na kadi. Juu yake aliandikwa mama, tukaandikwa sisi watoto, na mwishoni, kwa kibali maalumu kwa sababu alikuwa mjane wa mfanyakazi wa zamani, aliandikwa mama yake baba, kambo wetu, ndivyo tunavyomwita bibi. Kambo alikuwa amekwenda kuwatembelea watu wake Kasai akafia huko. Tulimlia siku tatu, tukala matanga, lakini hakuna aliyekwenda ofisini kumfuta kwenye kadi. Nani angefuta? Poso yake ya unga iliendelea kutoka kila mwezi. Msitoe macho: kambi nzima ilikuwa na marehemu wanaokula unga. Hatukuuita wizi. Tuliona Kampuni ilikula mapafu ya babu, basi na sisi tule unga wa bibi.

Pale getini baba alitoa kadi, akameza mate.

"Huyu ni mama yangu," alisema.

Muuguzi wa zamu alikuwa jirani yetu wa safu ya tatu. Alimjua kambo, alikuwa amelia kwenye msiba wake, tena kwa sauti kubwa kuliko wenye msiba. Akamtazama yule mama, akamtazama baba, akachukua kalamu, akaandika jina la kambo, na mbele yake: mama wa mfanyakazi.

Kambi ilivyomsifu baba! Majirani walipita nyumbani kumpa mkono. Ati huyo ndiye mtu, amegonga na hakukimbia, amemfanya mama wa watu mama yake. Mama alipika sombe na bukari, yaani kisamvu na ugali, kila siku, nami nikapeleka baada ya shule. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nasoma kwa masista, na nilikuwa najiona kuliko kipimo. Mwanzoni nilimwita kambo kwa sauti kubwa ili wodi nzima isikie, nikijisikia mwongo. Wiki ya pili nilimwita bila kufikiri. Naye alinipokea hivyo hivyo.

"Weye mujukuu mubaya," alikuwa akisema akionja sombe, "chumvi umeuzisha wapi?"

Nilimpenda, niseme ukweli. Bibi yetu wa kweli alikuwa mkali, hakuwahi kunitania.

Mguu ulipona vibaya. Walipoondoa plasta ulikuwa mfupi kuliko mwenzake, na goti halikukunjika vizuri. Akapewa fimbo. Wazazi wangu wakaenda kwake na kuku na kitenge, na wazee wawili wa kanisa, wakaomba msamaha kama inavyotakiwa, akawasamehe, wakala pamoja. Maneno yakaisha. Baba akarudi mwepesi, akaosha gari.

Ila yule mama hakuweza tena kupanda lori la Tshangalele. Alikaa mbele ya nyumba yake. Nilipompitia Alhamisi moja nilimkuta na basani lake tupu mapajani, anachambua maharagwe machache ambayo si ya kuuza. Hakuomba kitu. Nilitamani angeomba, ili niudhike naye kidogo.

Basi ikafika zamu ya kulipia bima, na safari hii fomu ilikuwa imebadilishwa, Kifaransa kitupu, kurasa mbili. Baba akanichukua nimjazie. Tukapanga mstari pale ofisini mjini, wanaume wote na abakosi zao na mifuko yao ya plastiki, na mimi, kwa kukosa la kufanya, nikasoma nyuma ya karatasi ya mwaka uliokuwa unaisha. Nyuma! Hakuna aliyewahi kuigeuza isipokuwa yule polisi, na yeye aligeuza tu kwa kuwa ina pande mbili.

Niliposoma mara ya kwanza sikuamini. Nikasoma tena, kisha nikasema kwa sauti, katikati ya wale baba wazima:

"Papa, hii si ya polisi! Hii inamulipa muntu mwenye motokari imemugonga!"

Wakacheka. Walicheka kweli, wakapigana mikono. Mmoja akauliza kama inalipa na mbuzi. Mwingine akamwambia baba kwamba masista wamemharibia mtoto. Karani nyuma ya dirisha, kijana mwenye miwani na mikono safi, hakuinua hata macho.

"Ni kweli," alisema. "Inalipa matibabu, tena inalipa kazi yenye muntu hawezi kufanya tena. Ni toka zamani vile. Hakuna mwenye anakuya kuuliza."

Hakuna anayekuja kuuliza! Aliyasema kama mtu anayekuambia mvua imekatika. Miaka yote ile walikaa juu ya haki za watu kama kuku juu ya mayai, na kwa kuwa hakuna aliyewauliza, hawakumwambia yeyote. Na wale wanaume kwenye mstari wakaacha kucheka kidogo, kisha wakaendelea kusogea na kulipia karatasi zao za kuonyesha polisi. Hakuna hata mmoja aliyegeuza yake.

Njiani baba alisimamisha gari kando ya barabara, akazima mashini.

"Toka zamani, mbele ya kumugonga, ilikuwa vile vile?"

"Ilikuwa vile vile, Papa."

"Basi ile ni kintu ya ule mama," alisema. "Nilitembea na kintu yake chini ya kiti yangu."

Kwa mara ya kwanza maishani nilimheshimu bila kulazimishwa. Jioni ile ile, jua bado liko, tulikwenda kumwambia. Alituuliza mara tatu kama tunamtania. Kisha akasema akipewa chochote ataweka meza sokoni, yenye paa, akae chini auze samaki wanaoletwa na wengine, maana mdomo wa kuuzia haukuvunjika. Alicheka mwenyewe. Alikuwa ameshapanga hata samaki watakaokaa upande gani wa meza.

Karani alitaka vitu vitatu: barua, ripoti ya polisi, na karatasi ya hospitali. Barua niliandika mimi, na lo, barua gani! Nilianza na "nina heshima ya kuleta mbele ya macho yako", nikaenda hivyo hivyo kurasa tatu, Kifaransa cha kumtoa jasho askofu. Ripoti aliiandika yule yule polisi wa bariere, kwa chupa chache za bia, na humo aliandika kila kitu isipokuwa samaki watatu. Karatasi ya hospitali baba aliipata kwa jirani muuguzi. Nikazipanga, nikazibana pamoja.

Nanyi mtauliza: hukuisoma ya hospitali? Niliisoma! Nilikagua hata alama za herufi. Nilisoma jina la bibi yangu aliyekufa, nikasoma "mama wa mfanyakazi", na macho yangu yakapita juu yake bila kushtuka, kwa sababu mtu aliyelala kitandani kwa miezi ile alikuwa kambo, na kambo ndiye aliyeandikwa. Baba naye aliiona. Mama aliiona. Tulikuwa tumeuzoea uongo wetu kiasi kwamba haukututia shaka tena. Hao ndio watu werevu wa Panda.

Siku ya kwenda tulimpitia asubuhi. Alivaa kitenge alicholetewa na wazazi wangu, akajipaka mafuta usoni, akashika fimbo yake. Karani akatukaribisha ndani, siyo dirishani, akampa yule mama kiti. Akasoma barua yangu. Akaniangalia, akasema imeandikwa vizuri, nami nikavimba pale nilipokuwa. Akasoma ripoti ya polisi. Akachukua karatasi ya hospitali, akasoma, akairudia ripoti, akairudia karatasi.

"Hapa niko na mguu moya," alisema, "na bamama babili."

Hapo ndipo nilipoona, kwa wakati mmoja na baba. Sikuhitaji kumtazama. Nilimsikia anavyopumua.

Karani hakuwa mkali. Hilo ndilo lililonikera na linanikera hadi leo: hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alieleza taratibu, kama mwalimu. Sheria inalazimisha kila dereva awe na bima ili mtu baki akigongwa asibaki bure. Lakini watu wa nyumba ya dereva si watu baki. Mke wake, watoto wake, mama yake, hao hawalipwi. Kama aliyegongwa ni mama yake huyu papa, hakuna kitu. Kama ni mtu baki, analipwa, na barua nzuri ameshaiona.

"Sasa mukanda ya hospitali inasema ni mama yake. Kama si kweli, haina mambo, sitwayeni. Ntaandika kwa hospitali ya Kampuni, batafungula kadi, bataniambia huyu aliyelala kule alikuwa nani."

Aliyasema hayo bila kumtisha mtu, na hilo "sitwayeni", yaani raia, lilikuwa la heshima tu. Hakujua alichokuwa anasema. Kampuni ikifungua kadi itamkuta kambo amekufa Kasai na anakula unga Panda. Itamkuta mfanyakazi aliyemwingiza mtu wa nje kwenye kitanda chake. Waliwahi kumfukuza mtu kwa kosa dogo kuliko hilo. Na kazi ikienda, nyumba inakwenda, maana nyumba ni ya Kampuni, na shule yangu inakwenda, na hospitali, na unga wa walio hai. Tungetoka Panda na mikeka kichwani ndani ya mwezi mmoja.

Baba alikuwa amesimama na mfuko wake wa plastiki mkononi. Aliutoa garini, hata sijui kwa nini, labda alidhani na karani atataka kuuona. Alifungua mdomo. Nataka kuamini alitaka kusema ukweli. Nimejaribu kuamini hivyo kwa miaka yote hii. Lakini aliufunga mdomo, akaanza kuunyoosha mfuko wake.

Na mimi? Mimi niliyesoma nyuma ya karatasi, mimi niliyewacheka wanaume wote wa mstari ule, mimi mwenye Kifaransa cha kumtoa jasho askofu? Nilitazama viatu vyangu. Vilikuwa viatu vya shule.

Karani akamgeukia yule mama, akainama kidogo kwa heshima.

"Mama, weye mwenyewe sema. Huyu papa ni nani yako?"

Alikuwa ameelewa yote. Mtu aliyepanga bei na wavuvi wa Tshangalele miaka yote ile haelezwi jambo mara mbili. Alimtazama baba. Akanitazama mimi, viatu hadi kichwa. Kisha akaishika fimbo kwa mikono miwili, akaifikiria meza yake, najua aliifikiria, maana macho yake yalitazama mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Ni mutoto yangu," alisema. "Minye njo nilimuzala."

Karani akaandika neno moja la kukataa juu ya barua yangu, akapiga muhuri, akaiweka kwenye rundo. Akasema pole, mama, na alimaanisha.

Nimesoma hadi nikamaliza. Nimefundisha, nimelipwa, nimezeeka na meno yangu. Watu wananiita mama mwenye elimu, na mimi nafahamu vizuri elimu hiyo ilisimama juu ya mguu wa nani. Ninapomsikia mtu akisema sheria zetu zilikuwa mbaya, nacheka kwa dharau. Ile sheria ilikuwa nzuri, iliandikwa kwa ajili yake yule mama hasa, na aliyemnyang'anya si Serikali wala Kampuni wala polisi mla samaki. Ni sisi wenye huruma, tuliomfanya ndugu ili apate kitanda, halafu tukamwacha abaki ndugu, akakosa meza.

Tulitoka. Baba akafungua mlango wa mbele, akamsaidia kuingia, akaukunja mguu ule mbaya kwa mikono yake, kisha akarudisha mfuko chini ya kiti chake. Mimi nikafungiwa nyuma. Tukafika karibu na bariere, kwa kuwa njia ya kwake yule mama inapita huko. Polisi alikuwepo, yule yule, kivulini pale pale. Nikauona mgongo wa baba unakakamaa, bega linashuka, mkono unaanza kwenda chini ya kiti.

Yule mama akamwekea mkono wake juu ya mkono.

"Acha," alisema. "Minye nitamuonyesha. Weye, mutoto yangu, angalia njia."

Akainama mwenyewe kwa shida, na goti lile lisilokunjika, akauchukua mfuko wa plastiki, akautoa dirishani. Polisi akasoma ya kwanza, akasoma ya pili, akalinganisha namba. Kisha akamrudishia, akapiga saluti.

"Mama, yote iko en règle."

"Ninajua," akasema.